PFLP: Watu Hawa ni Akina Nani?

Katika vikundi tunavyotembelea tumeulizwa mara nyingi juu ya vita vya Gaza. Jina la Hamas watu wamekwisha kulizoea. Lakini redio ikitaja PFLP, mtu hugeuka kwa jirani: "Hao nao ni nani tena?" Mzee mmoja alikuwa na jibu tayari. "Hao ndio wale wa Entebbe," akasema. Alisema kweli, ila ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ina zahanati, ina miche ya mboga, na ina kesi ya wakulima ambayo inatuhusu sisi watu wa vikundi kuliko tunavyodhani. Hebu tueleze pole pole.

PFLP ni herufi za jina la Kiingereza. Kwa Kiarabu ni al-Jabha al-Shaabiyya li-Tahrir Filastin, na kwa lugha yetu tunaweza kusema Chama cha Umma cha Kuikomboa Palestina. Msiwachanganye na Hamas. Hamas ni chama cha Kiislamu kilichoanza 1987. PFLP kilianza miaka 20 kabla yake, siasa yake ni ya Kimarx, na mwanzilishi wake alikuwa Mkristo wa Orthodox aliyeimba kwaya kanisani alipokuwa kijana. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Lakini Wapalestina si Waislamu wote, na makanisa ya huko kwao ni ya zamani kuliko ya kwetu hapa.

DAKTARI WA LIDA

Mwanzilishi huyo ni George Habash. Alizaliwa 1926 katika mji wa Lida, ule ule tunaousoma katika Matendo ya Mitume, ambako Petro alimponya Ainea aliyekuwa amelala kitandani miaka minane. Siku hizi mji huo huitwa Lod. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa kujiweza, na kijana akapelekwa Beirut nchini Lebanon kusomea udaktari.

Wakati huo Palestina ilikuwa chini ya Mwingereza, kama sisi tulivyokuwa. Wayahudi walikuwa wakihamia huko kwa wingi wakitafuta kwao, na haja hiyo ilizidi baada ya Wayahudi milioni 6 kuuawa Ulaya na utawala wa Hitler. (Wengi hawajui kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwahi kupendekeza kuwapa Wayahudi ardhi huku kwetu, kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Mkutano wao mkuu uliikataa 1905. Hakuna aliyewauliza wenyeji wa Uasin Gishu.) Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura Palestina igawanywe mara mbili. Viongozi wa Wayahudi walikubali, Waarabu walikataa, na vita vikazuka. Mei 1948 taifa la Israel likatangazwa.

Julai mwaka ule jeshi la Israel liliteka Lida na mji jirani wa Ramle, na wakazi wake, watu 50,000 na zaidi, wakafukuzwa. Walitembea kwa miguu kwenye jua kali kuelekea Ramallah, na wako waliokufa kwa kiu njiani. Habash alikuwa ameacha masomo akarudi nyumbani kusaidia wagonjwa. Dada yake alikufa siku zile zile, na yeye akatoka na umati. Kwa jumla Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makao katika vita hivyo. Wajukuu wao mpaka leo wako kambini, na wengine bado wanatunza ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena.

Habash alimaliza udaktari 1951. Yeye na rafiki yake Wadie Haddad, naye daktari, naye Mkristo wa Orthodox, mzaliwa wa Safed, walikwenda Amman nchini Jordan wakafungua zahanati ya kutibu wakimbizi maskini. Watu walimwita Habash "al-Hakim". Neno hilo tunalo, ila kwetu hakimu ni yule wa kortini. Kwa Waarabu wa huko hakim ni mwenye hekima, na pia ni daktari. Jina lilimkaa mpaka kufa kwake.

Tungeishia hapo tungekuwa na habari nzuri ya kusoma kanisani. Lakini madaktari hawa walikuwa pia na chama cha siasa, Harakati ya Wazalendo wa Kiarabu. Waliamini kwamba nchi za Kiarabu zikiungana, Palestina itarudi, na tumaini lao lilikuwa Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri. Juni 1967 tumaini hilo lilivunjika. Kwa siku 6 tu Israel ilizishinda Misri, Jordan na Syria, ikachukua Ukingo wa Magharibi wa mto Yordani, Gaza, Sinai na milima ya Golan. Desemba mwaka huo huo Habash na wenzake wakaunda PFLP. Sasa hawakungoja tena mfalme wala rais wa mtu. Walisema Wapalestina wenyewe washike bunduki.

Hawakukaa pamoja muda mrefu. Nyinyi mnajua jinsi kikundi kinavyoweza kumeguka hata kabla daftari la kwanza halijajaa. Ahmed Jibril alijitoa 1968 na watu wake, Nayef Hawatmeh akajitoa 1969, kila mmoja akaanzisha chama chake chenye jina linalofanana na la kwanza. Ndiyo maana habari za Wapalestina huwachanganya watu.

NDEGE

Haddad ndiye aliyeongoza kazi ya nje. Hesabu yake ilikuwa hivi: ukimpiga askari mpakani, dunia haisikii, ukiteka ndege, kila gazeti litaandika Palestina. Kama ni kuandikwa tu, hakukosea. Tarehe 23 Julai 1968 watu wake waliteka ndege ya El Al, shirika la Israel, iliyotoka Roma, wakaipeleka Algiers. Mateka wa mwisho walikaa huko karibu siku 40. Agosti 1969 msichana aitwaye Leila Khaled, mzaliwa wa Haifa, alishiriki kuteka ndege ya Marekani iliyoshushwa Damascus. Picha yake akiwa na bunduki ikasambaa dunia nzima.

Septemba 1970 ndege tatu zilishushwa jangwani Jordan, mahali paitwapo Dawson's Field. Abiria walitolewa, na tarehe 12 ndege zikalipuliwa mbele ya kamera. Pale jangwani hakuna abiria aliyeuawa. Lakini Mfalme Hussein wa Jordan aliona kwamba wageni wamemtawalia nyumba. Siku chache baadaye jeshi lake liliwashambulia wapiganaji wa Kipalestina, hata ndani ya kambi za wakimbizi za Amman, kwenye watu wale wale waliokuwa wakitibiwa na al-Hakim. Maelfu walikufa. Wapalestina huiita Septemba Nyeusi. Kufikia 1971 wapiganaji walikuwa wamefukuzwa Jordan, wakahamia Lebanon. Waliochukua ndege walipata sifa, na bili ikapelekwa kwa mama wa kambini.

Kibaya zaidi kilikuja tarehe 30 Mei 1972. Wajapani watatu wa kundi la Jeshi Jekundu, walioshirikiana na PFLP, walishuka katika uwanja wa ndege wa Israel, wakatoa bunduki kwenye mizigo yao na kuwamiminia watu risasi na guruneti. Watu 26 waliuawa. Kati yao 17 walikuwa mahujaji Wakristo kutoka Puerto Rico, waliokuja kuona Bethlehemu na Yerusalemu. PFLP kilitangaza kuwa ni kazi yake. Uwanja huo uko Lod, yaani Lida, kwao Habash.

Tusifiche maoni yetu. Mtu aliyefukuzwa kwao ana haki ya kudai, na dai la Wapalestina tunaliona ni la kweli. Lakini hujaji mwenye tiketi hakumfukuza mtu Lida. Upande wa pili nao haukuwa na mikono safi. Wiki chache baada ya mauaji hayo, tarehe 8 Julai 1972, msemaji wa chama, mwandishi wa hadithi Ghassan Kanafani, aliuawa Beirut kwa bomu lililotegwa garini, kazi iliyosemwa kuwa ya Israel. Ndani ya gari alikuwamo mpwa wake, msichana wa miaka 17.

Mwaka huo Habash alisema chama kiache kuteka ndege. Haddad akakataa, akaendelea na kundi lake mwenyewe akitumia jina lile lile.

YALIVYOTUFIKIA SISI

Januari 1976 Kenya iliwakamata Wapalestina watatu waliotuhumiwa kutaka kutungua ndege ya El Al jijini Nairobi kwa kombora. Wajerumani wawili wakakamatwa baadaye kidogo. Wote wakapelekwa Israel kimya kimya.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Ufaransa iliyotoka Tel Aviv ikapitia Athens ilitekwa na watu wanne, wawili wa kundi la Haddad na wawili Wajerumani. Walipitia Benghazi, Libya, wakatua Entebbe siku ya pili. Wenzao wengine waliwangoja hapo, na Idi Amin akawapokea. Walitaka wafungwa 53 wafunguliwe, wengi wao wakiwa Israel, lakini Kenya nayo ilitajwa katika madai yao kwa ajili ya wale watano. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiliwa, Waisraeli wakabakizwa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel walishuka Entebbe wakawaokoa mateka 102. Mateka watatu walikufa katika mapigano. Watekaji waliokuwa pale wakauawa, na kiongozi wa makomando, Yonatan Netanyahu, akauawa. Ni kaka yake Benjamin Netanyahu aliyekuja kuwa waziri mkuu. Askari wa Uganda walikufa kwa makumi. Dora Bloch, mama mzee aliyekuwa amepelekwa hospitali Kampala, aliuawa baadaye na watu wa Amin.

Ndege za Israel zilitua Nairobi kutia mafuta wakati wa kurudi. Kwa hasira Amin aliwageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na mamia waliuawa. Hao walikuwa vibarua, wachuuzi na watu wa reli. Vitabu vya Entebbe vinavyouzwa mijini havina nafasi kubwa kwa hao.

Kisha ile ya Norfolk. Tarehe 31 Desemba 1980, watu wakingoja mwaka mpya, bomu lililipua sehemu ya hoteli ya Norfolk, Nairobi, likaua watu wapatao 20 na kujeruhi zaidi ya 80. Hoteli ilikuwa ya familia ya Kiyahudi. Polisi walimtaja mtu wa Morocco, aliyehusishwa na PFLP, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka nchini. Wakati huo Haddad mwenyewe alikuwa kaburini. Alikufa Ujerumani Mashariki 1978.

Basi mzee wetu anayesema "wale wa Entebbe" hajakosea. Sasa tuone yale ambayo hakuyasikia.

MICHE NA NG'OMBE

Miaka ile ile ya ndege, na hasa baada yake, chama kilikuwa na watu wa aina nyingine kabisa ndani ya Ukingo wa Magharibi na Gaza: walimu, wauguzi, wanafunzi, akina mama. Walikuwa wakiishi chini ya jeshi la Israel na hawakuwa na serikali yao. Nani atachimba kisima? Nani atatibu mtoto? Kila chama cha Wapalestina kikaanzisha kamati, na vyama vya mrengo wa kushoto, PFLP kikiwamo, vilikuwa hodari katika kazi hiyo. Mwaka 1985 kukawa na umoja wa kamati za afya, na 1986 umoja wa kamati za kilimo, ulioanzishwa na mabwana shamba wa kujitolea.

Desemba 1987 wananchi waliinuka. Mwinuko huo huitwa Intifada. Viongozi wake wa siri walitoka vyama vinne: Fatah, PFLP, kile cha Hawatmeh, na Wakomunisti. Waliongoza kwa karatasi zilizosambazwa usiku: siku fulani maduka yafungwe, bidhaa za Israel zisinunuliwe, kila nyumba ilime inachoweza. Vijana walirusha mawe na watu waliuawa. Hayo yalionekana kwenye televisheni. Yasiyoonekana ni haya: jeshi lilipofunga shule, watoto walifundishwa sebuleni na karakana. Kila mtaa ukawa na kamati yake. Watu wa mjini waliokuwa hawajawahi kushika jembe walipanda nyanya nyuma ya nyumba na kufuga kuku na sungura.

Tunapenda sana kisa cha Beit Sahour, mji wa Wakristo wengi karibu na Bethlehemu, ambako yasemekana wachungaji waliwaona malaika. Mji huo haukuwa wa chama kimoja. Watu wa vyama mbalimbali walikaa kamati moja. Walitaka kuacha kununua maziwa ya Israel, basi wakachanga pesa wakanunua ng'ombe 18 kutoka kwa Waisraeli wenyewe. Hawakujua kukamua. Ilibidi mtu apelekwe kujifunza. Punde jeshi likasema ng'ombe hao ni hatari kwa usalama, na amri ikatoka waondolewe. Watu wakawaficha! Askari wakawasaka ng'ombe 18 nyumba kwa nyumba, na maziwa yakagawanywa usiku. Agosti 1988 kamati za mitaa zikapigwa marufuku zote. Mwaka 1989 Beit Sahour ikagoma kulipa kodi; jeshi likauzingira mji kwa wiki kadhaa na kuchukua friji, mashine na vyombo vya dukani.

BAADA YA HAPO

Septemba 1993 Yasser Arafat, kiongozi wa PLO, alitia sahihi mkataba na Israel. PFLP ni mwanachama wa PLO lakini kiliukataa, kikisema wakimbizi wa 1948 wamesahauliwa. Tangu hapo kimekuwa kidogo. Katika uchaguzi wa bunge wa 2006 kilipata viti 3 kati ya 132, Hamas ikapata 74.

Bunduki hakikuiweka chini. Habash alistaafu 2000. Mrithi wake, Abu Ali Mustafa, aliuawa Agosti 2001 na makombora ya helikopta za Israel akiwa ofisini kwake Ramallah. Oktoba mwaka huo watu wa PFLP walilipiza kwa kumuua waziri wa Israel, Rehavam Zeevi, hotelini Yerusalemu. Ahmad Saadat aliyeshika uongozi alihukumiwa na Israel kifungo cha miaka 30 mwaka 2008. Novemba 2014 wanaume wawili waliingia sinagogi moja la Yerusalemu wakaua watu waliokuwa wakisali, chama kiliwasifu. Tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas ilipoingia Israel, wapiganaji wa PFLP walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Siku hiyo watu kama 1,200 waliuawa na 251 wakachukuliwa mateka. Katika vita vilivyofuata Wapalestina zaidi ya 60,000 walikuwa wameuawa Gaza kufikia katikati ya 2025, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya huko. Marekani na Umoja wa Ulaya wamekiandika chama hiki katika orodha ya magaidi.

Habash alikufa Amman Januari 2008, akazikwa kwa ibada ya Orthodox.

KESI YA WAKULIMA

Sasa ile kesi tuliyoitaja. Umoja wa kamati za kilimo wa 1986 ulikua ukawa shirika kubwa. Ulitengeneza barabara za mashamba, ukajenga matangi ya maji ya mvua, ukafufua mashamba yaliyotishiwa kuchukuliwa na walowezi, na mjini Hebron ukaweka benki ya mbegu za kienyeji. Serikali za Ulaya zilitoa pesa, Uholanzi ikiwa mfadhili mkubwa.

Agosti 2019 bomu liliua msichana wa Kiisraeli wa miaka 17 aliyekuwa matembezini na jamaa yake. Kati ya walioshtakiwa walikuwamo wawili waliokuwa wameajiriwa na umoja huo. Oktoba 2021 Israel ikatangaza mashirika sita ya Kipalestina, pamoja na huu umoja wa wakulima, kuwa ni ya kigaidi na kwamba ni mikono ya PFLP. Mashirika yakakana. Julai 2022 nchi 9 za Ulaya zikasema hazikuonyeshwa ushahidi wa kutosha na zitaendelea kushirikiana nayo. Mwezi uliofuata askari wakavunja na kufunga ofisi zao Ramallah.

Uholanzi yenyewe ilikuwa imefanya uchunguzi, na matokeo yake tunaomba myasome mara mbili. Wachunguzi hawakupata pesa yoyote iliyotoka kwa wakulima kwenda PFLP. Hawakuona kwamba chama kinaliendesha shirika. Lakini waliona kwamba kati ya 2007 na 2020, wafanyakazi na wanakamati 34 wa shirika walikuwa pia wanachama hai wa PFLP, wengine wakishika nafasi pande zote mbili. Januari 2022 Uholanzi ikakata msaada.

Je, ilikuwa haki? Sisi wenyewe tulibishana ofisini na hatukumaliza. Mmoja wetu alisema mkulima aliyepoteza msaada hakuua mtu, na kwamba katika nchi isiyo na serikali kila mtu mwenye bidii ana chama. Mwingine akasema wanakamati walijua chama chao kina bunduki, na walipaswa kuchagua kiti kimoja. Ukweli ni kwamba daftari lao la pesa lilikutwa safi na bado msaada ulikatwa, kwa sababu ya majina yaliyokuwa kwenye madaftari mawili.

Shirika halikufa. Mwaka 2024 lilipeleka mbegu zake Norway, kwenye ghala la Svalbard lililochimbwa ndani ya mlima wenye barafu, ambako nchi nyingi huweka akiba ya mbegu. Tarehe 31 Julai 2025 matingatinga ya Israel yalibomoa kituo chake cha kuzalishia mbegu Hebron, pamoja na vifaa vilivyokuwamo. Zile zilizopelekwa Norway ziko salama.